Je, Watemi Warudi? Mafunzo ya Nchi Ndogo ya Butiama



Mwanzo wa muhula huu palikuwa na mdahalo bwaloni, na jambo lililozungumzwa lilikuwa hili: "Yafaa watemi warudishiwe utawala wao." Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande wa kupinga. Tulishindwa, tena tulishindwa vibaya. Wenzetu walisimama wakasema kwamba zama za watemi ng'ombe hawakuibwa, mvua ilinyesha kwa wakati wake, na kijana hakuthubutu kumjibu mzee. Sisi tulijibu kwa maneno ya jumla juu ya maendeleo na demokrasia, na maneno ya jumla hayapigiwi makofi.

Usiku ule nilipolala niliona kosa letu lilikuwa wapi. Kila mtu bwaloni alisema "watemi" kana kwamba ni kitu kimoja kilichokuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Hapana hata mmoja, wala wao wala sisi, aliyeuliza: watemi gani? Nani aliwaweka? Nao walimjibu nani? Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kidogo kidogo maktabani, na katika likizo fupi niliwauliza wazee nyumbani. Haya ninayoyaandika ni maoni yangu mimi, na anayeona vingine namwomba aandike katika toleo lijalo.

Nataka kuyatazama maswali hayo kwa kuchukua nchi moja ndogo, wala sina haja ya kwenda mbali. Kutoka hapa Buhare hadi Butiama ni safari fupi ya gari. Wengi wetu tumekwenda kule na shule zetu za msingi kulizuru kaburi la Mwalimu Julius Nyerere pale Mwitongo, na kuitazama nyumba ya makumbusho. Lakini pale pale pana kaburi la baba yake, Mtemi Nyerere Burito, na wengi hulipita haraka. Mimi nami nililipita haraka. Leo nasema kwamba mtu akitaka kujua utemi ulikuwa nini hasa, na aanzie kwa mzee huyu.

Kwanza yatupasa tujue kwamba Wazanaki ni miongoni mwa makabila madogo ya Tanzania, na kabla ya kuja wazungu hawakuwa na mfalme. Nchi yao iligawanyika katika nchi ndogo ndogo: Butiama, Busegwe, Buturu, Bumangi, Buzahya na nyinginezo. Katika kila nchi kazi za utawala ziligawanywa. Mwenye ugomvi wa shamba aliwaendea wazee. Ulinzi wa nchi ulikuwa juu ya vijana wa rika lililokuwa na zamu. Na mvua ilipokawia, watu walimwendea mganga wa mvua, mtu aliyeheshimiwa na kuogopwa. Lakini hata huyo mganga wa mvua hakutoza kodi, hakuwa na askari wala gereza. Hapakuwa na mtu mmoja aliyeyashika yote mkononi mwake.

Majirani zao Waikizu walikuwa na mtemi tangu zamani, na masimulizi yao ni mazuri sana kuyasikia. Husimuliwa kwamba mtemi wa kwanza alikuwa mwanamke, Nyakinywa, aliyekuja kutoka upande wa Kanadi katika Usukuma. Alimkuta huko Isamongo, mwenye moto. Yeye Nyakinywa alikuwa na mvua. Walishindana, na mvua ikauzima moto, basi utemi ukawa wa mwenye mvua. Ama iwe ni habari ya kweli tupu, ama iwe ni hadithi, maana yake ni wazi: mtu alitawala kwa sababu alikuwa na kitu ambacho watu walikihitaji. Kama mvua isiponyesha, heshima yake ilipungua. Hapa pana jibu moja kwa swali langu la pili. Mtemi wa namna hiyo aliwajibu watu wake mwenyewe.

Kisha wakaja Wadachi. Walijenga vituo vyao Shirati na Ikoma, nao walikuwa wachache mno katika nchi kubwa. Walitaka kodi, walitaka watu wa kazi, walitaka amri yao ifike kila kijiji. Sasa wewe fikiri: ofisa Mdachi afika katika nchi ya Wazanaki, auliza, "Nani mkubwa wenu?" Aambiwa kwamba mambo ya ardhi ni ya wazee, vita ni vya rika, mvua ni ya mganga. Jibu hilo halikumfaa. Alitaka mtu mmoja wa kumwita, wa kumwagiza, na wa kumtia adhabu mambo yakiharibika. Basi mahali palipokuwa na mtawala mmoja walimtumia huyo, na mahali pasipokuwa naye walimtafuta mtu wakamweka.

Ndivyo ilivyokuwa Butiama. Mwaka 1915 Wadachi walimfanya Burito kuwa mtemi. Alikuwa mtu mzima wa miaka ipatayo 55, kwa maana alizaliwa mwaka 1860, na mwaka huo viwavi walivamia mashamba. Kwa sababu hiyo aliitwa Nyerere, yaani kiwavi katika Kizanaki. Tazameni mwaka wenyewe: 1915. Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha kuanza, na mwaka uliofuata Waingereza waliiteka Mwanza na pwani hii ya ziwa ikawatoka Wadachi. Wadachi walimpa mtu utemi wakiwa wenyewe wamekwisha kushika mizigo ya kuondoka.

Hapa nataka tuwatazame hao Wadachi nyumbani kwao, kwa kuwa ndiko nilikoona ajabu kubwa kuliko zote. Sisi hudhani kwamba waliotuletea utawala walitoka katika nchi moja yenye mfalme mmoja tu. Sivyo. Dola ya Ujerumani iliyoundwa mwaka 1871 ilikuwa mkusanyiko wa nchi 25. Tatu kati yake zilikuwa miji huru, na 22 zilizobaki kila moja ilikuwa na mtawala wake wa kurithi. Wanne walikuwa wafalme. Wengine 18 walikuwa wa vyeo vya chini, na baadhi yao nchi zao zilikuwa ndogo mno. Wadachi katika maandishi yao waliwaita watemi wetu "masultani." Kwa hakika wangaliweza kuwaita vivyo hivyo hao wa kwao.

Nchi moja yao iliitwa Reuss, nayo iligawanyika tena mara mbili kwa ajili ya koo mbili, ukoo mkubwa na ukoo mdogo. Nchi ya ukoo mkubwa, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Greiz, ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 316 tu. Kisiwa chetu cha Ukerewe kinaizidi! Tena wanaume wote wa ukoo huo waliitwa jina moja, Heinrich, hata ikabidi watofautishwe kwa namba kama mashati ya mpira. Mtawala wa mwisho wa Greiz alikuwa Heinrich wa 24, naye alikuwa mgonjwa asiyeweza kutawala, basi nchi yake ikaendeshwa na jamaa yake wa ukoo mdogo, Heinrich wa 27. Mtu alikuwa mtawala kwa sababu ya kuzaliwa, hata kama hakuweza kutawala.

Na zamani zaidi nchi hizo ndogo zilikuwa nyingi mno, zaidi ya 300. Zilipungua vipi? Zilimezwa. Napoleon wa Ufaransa alipozitwaa nchi za magharibi ya mto Rhine, watawala wakubwa waliopoteza ardhi zao huko walilipwa fidia, na fidia yenyewe ilikuwa nchi za wadogo. Mambo hayo yalitendeka hasa kati ya mwaka 1803 na 1806. Mtawala mdogo aliamka siku moja akaambiwa kwamba nchi yake sasa ni ya jirani yake. Wale waliosalia hawakusalia kwa nguvu zao, bali kwa ridhaa ya wakubwa.

Kisha, mwezi wa Novemba mwaka 1918, Ujerumani iliposhindwa vitani, askari na wafanya kazi waliinuka, na katika siku chache watawala wote, pamoja na Kaisari Wilhelm na Heinrich wa 27, wakaacha viti vyao. Hakusalia hata mmoja. Lakini huku Butiama, mzee Burito aliyewekwa na serikali ya Kaisari alikuwa angali mtemi, wala hakuondoka mpaka kifo chake mwaka 1942. Aliyemteua alianguka, naye akabaki miaka 24 zaidi. Jambo hili si la kucheka tu. Latufundisha kwamba kiti cha Burito hakikusimama juu ya Wadachi peke yao. Wakoloni wapya nao walikihitaji.

Waingereza walikihitaji kweli. Tangu mwaka 1925 Gavana wao alikuwa Donald Cameron, naye alileta mpango wa kuitawala Tanganyika kwa njia ya watemi. Mtemi alipewa baraza la kuhukumu kesi za watu wake, akapewa hazina ya wenyeji na karani wa kuandika, akapewa matarishi. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi, kutangaza amri za Boma, na kutoa watu wa kazi za barabara. Naye akalipwa mshahara. Watu wengi walidhani kwamba hiyo ndiyo desturi ya zamani imerudishwa. Mimi naona kwamba jina lilikuwa la zamani, na kazi ilikuwa mpya. Mganga wa mvua alipungukiwa heshima mvua isiponyesha. Mtemi wa Boma alipoteza kazi kodi isipotimia. Yaani aliyepaswa kumjibu si mtu wa kijijini tena, bali Bwana Shauri.

Katika likizo nilimwuliza bibi yangu habari hizi. Yeye alizaliwa mwaka 1946, katika nchi nyingine ya mkoa huu ambayo siitaji. Alinieleza kwamba baba yake aliitwa kulima barabara wakati wa palizi, na aliporudi shamba lake la mtama lilikuwa limekwisha kuliwa na magugu. Mwaka mmoja hakuwa na fedha ya kodi, akachukuliwa mbuzi wake wawili mbele ya watoto. Nikasema, "Bibi, basi mtemi yule alikuwa mtu mbaya." Bibi akanitazama kama mtu asiyejua kitu. Akasema, "Mjukuu wangu, mwaka wa njaa ni mtemi yule yule aliyefungua ghala lake, tukala. Alikuwa katikati. Huku Boma, huku sisi."

Maneno hayo ya bibi yamenikaa kichwani kuliko yote niliyosoma. Yalinionyesha kwamba watemi hawakuwa wote wabaya, wala hawakuwa wote wema. Mtu alipewa kazi ya kuwabana ndugu zake, naye aliifanya jinsi alivyoweza. Ubaya ulikuwa katika kazi yenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko yote. Waingereza waliona mapema kwamba wasomi watakuwa taabu kwao. Basi wakataka wana wa watemi ndio wasome, ili elimu na utawala vikae katika nyumba zile zile, na watemi waendelee vizazi na vizazi. Shule ya Serikali ya Tabora iliwekwa kwa ajili ya watoto hao. Burito alikuwa na wake 22, na mke wake wa tano, Mugaya wa Nyang'ombe, alimzalia mwana tarehe 13 Aprili 1922, siku ya mvua, naye akaitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua. Yasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu alimwona kijana huyu akicheza bao kwa akili nyingi, akamshauri Burito ampeleke shule. Basi mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Kambarage aliletwa Mwisenge, hapa hapa Musoma, akalala bweni kama sisi tunavyolala. Mwaka 1937 akaenda Tabora.

Burito alipofariki mwaka 1942, utemi ulimwendea mwanawe mwingine, Edward Wanzagi, kaka yake Kambarage kwa baba. Kaka alishika kiti, na mdogo akaenda Makerere mwaka uliofuata. Mwaka 1954 mdogo huyo aliongoza kuanzishwa kwa TANU. Serikali ya kikoloni nayo ilijaribu kuwatumia watemi kuizuia TANU, hata mwaka 1957 iliwakusanya katika mkutano wao wa nchi nzima. Haikufaa kitu. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa Jamhuri, Mwalimu akiwa Rais. Na mwaka 1963 sheria ikaufuta utawala wa watemi katika Tanganyika nzima.

Tafakarini jambo hilo. Mtoto wa mtemi, ndugu wa mtemi, aliyepelekwa shule ili utemi udumu, ndiye aliyeufuta. Hakusema, "Tuufute kwa wengine, ila kwetu Butiama tuache." Kiti cha kaka yake kiliondoka siku moja na viti vya watemi wakubwa wa Unyanyembe na kwingineko. Nani kati yetu bwaloni siku ile angalithubutu kumwambia kaka yake mkubwa neno kama hilo? Mimi nina kaka mmoja tu, na hata kumwomba anirudishie kalamu yangu huona taabu.

Wenzetu katika mdahalo walisema kwamba watemi walidhulumiwa. Nimelifikiri neno hilo, wala silipuuzi. Lakini tazameni yaliyowapata. Adam Sapi Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri katika baraza la kwanza la mawaziri wa Tanganyika huru. Michael Lukumbuzya wa Ukerewe alikuwa balozi. Aliyekuwa na uwezo alipewa kazi kwa uwezo wake. Na kabla ya sheria hiyo Wachaga walikwisha kuamua wenyewe kwa kura, mwaka 1960, kwamba hawataki tena mkuu wa maisha bali rais wa kuchaguliwa, na Thomas Marealle akaacha kiti. Kule Ujerumani katiba ya mwaka 1919 iliondoa haki zote za ukabaila, ikasema kwamba vyeo vyao vya zamani vitakuwa sehemu ya jina tu. Huku kwetu imekuwa vivyo hivyo bila kuandikwa: majina ya watemi yamekuwa majina ya koo. Mwenye jina hilo aenda kituo cha kura, apanga foleni kama mimi nitakavyopanga nikifika miaka 18.

Sasa nataka kuyajibu yale matatu yaliyotushinda bwaloni.

La kwanza, wizi wa ng'ombe. Walisema mtemi aliuzuia. Lakini katika miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi walipochoka na wezi, walianzisha sungusungu wao wenyewe kijijini, wakati watemi wamekwisha kuondoka kwa karibu miaka 20. Na majirani zetu Wakurya, ambao zamani hawakuwa na mtemi, wana baraza lao la watu wote liitwalo iritongo, ambapo mambo huzungumzwa na kuamuliwa hadharani. Kwa hiyo wizi huzuiwa na watu walioshikamana. Mtu mmoja peke yake hawezi, hata akivikwa ngozi ya chui.

La pili, mvua. Mvua haikatazwi kunyesha na sheria ya mwaka 1963. Bali wazee wetu walitunza misitu ya mizimu, kama ule wa Muhunda kule Butiama, na miti hiyo haikukatwa ovyo. Hilo nalikubali kabisa kuwa hasara yetu tukiliacha. Lakini msitu waweza kutunzwa na kijiji, na shule, na wewe mwenyewe, bila ya mtu kukutoza kodi.

La tatu, heshima. Hapa namwuliza msomaji: heshima ya yule aliyenyang'anywa mbuzi mbele ya watoto wake ilikuwa heshima au woga? Mimi naona kijana humheshimu mzee anayemwona akitenda haki. Hiyo ndiyo iliyopungua, wala haitarudishwa kwa kumvika mtu joho.

Siku hizi machifu wanaonekana tena hadharani katika sherehe. Mwezi wa Septemba mwaka 2021, katika tamasha la utamaduni mkoani Mwanza, machifu walimpa Rais Samia Suluhu Hassan uchifu na jina la Hangaya. Mimi sioni ubaya katika sherehe hizo. Ngoma, lugha, habari za ukoo, upatanisho wa wagomvi, hayo yote ni mali yetu, na mwenye kuyatunza anastahili kiti cha mbele. Lakini tuwe macho. Uganda ilifuta falme zake mwaka 1967 na kuzirudisha mwaka 1993 kwa ajili ya utamaduni tu, bila utawala. Hata hivyo mwezi wa Septemba mwaka 2009 Kabaka wa Buganda alipozuiwa kwenda Kayunga, ghasia zikazuka Kampala na watu wakafa. Kiti cha utamaduni nacho chaweza kuwa na moto chini yake, hasa pale watu wasipojua mpaka wake ni wapi.

Basi maoni yangu ni haya. Utawala wa watemi usirudi, kwa sababu utemi tunaoukumbuka na kuusifu ni mambo mawili tuliyoyachanganya. Ule wa kale uliwajibu watu, lakini haukuwa na kodi wala askari. Ule wa Wadachi na Waingereza ulikuwa na kodi na askari, lakini uliijibu Boma. Wenzetu bwaloni walitaka heshima ya ule wa kwanza na nguvu za ule wa pili. Kitu hicho hakikupata kuwapo Butiama, wala Greiz, wala popote nilipopata kusoma. Tukimpa mtu nguvu bila ya kumlazimisha atujibu sisi, tutakuwa tumemrudisha Bwana Shauri kwa ngozi yetu.

Lakini kufuta utawala ni jambo moja, na kufuta habari zake ni jambo lingine. Hili la pili ndilo linaloniuma. Katika kitabu cha historia nimesoma habari za Buganda, za Mirambo, na za Mkwawa. Habari za Busegwe au Bumangi sikuziona. Reuss, nchi ndogo kuliko Ukerewe, hata mimi wa Buhare naweza kuisoma, kwa kuwa watu wake waliandika. Za kwetu zimo vichwani mwa wazee, na vichwa vya wazee havina nakala. Bibi yangu aliponieleza habari za baba yake, nilimwuliza, "Na kabla ya mtemi yule alikuwako nani?" Akasema, "Hayo aliyajua kaka yangu." Kaka yake tulimzika mwaka jana. Nilikuwapo mazikoni, nilibeba hata kiti cha wageni, wala sikuwahi kumwuliza neno hata moja katika maisha yake.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila mwanafunzi wa shule hii, awe Mzanaki, Mkurya, Mjaluo, Mjita, Mkwaya, au wa mkoa mwingine. Tutakapofunga shule, chukua daftari moja na kalamu. Mtafute mzee mmoja wa kwenu, mwamkie kama inavyopasa, kisha mwulize maswali matatu: Nani alitawala hapa zamani? Nani alimweka? Naye alimjibu nani? Andika kama atakavyosema, usimsahihishe. Tukirudi tuyalete madaftari hayo maktabani, na mdahalo ule urudiwe.

Mimi nitakuwa tena upande wa kupinga. Na safari hii, ndugu zangu wa upande wa pili, njooni na daftari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne